Eti maskini halipi kodi?

Kila bajeti inaposomwa Dodoma huwa naisikia kauli hii: matajiri ndio wanaoibeba nchi, wamachinga na mama lishe wanakula bure. Si kweli, na inawaumiza watu wanaovuja jasho.

Mama lishe wa Buguruni hana mshahara, kwa hiyo hakatwi PAYE, kodi ya mshahara. Lakini akinunua sabuni ya kuoshea sufuria kwa shilingi 1,180, shilingi 180 ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ile asilimia 18. Akiweka vocha, kodi imo. Akipanda bodaboda alfajiri kwenda sokoni, nauli yake imebeba tozo za petroli. Tajiri naye hulipa 180 ile ile kwa sabuni ile ile. Tofauti ni kwamba mama huyu hutumia karibu kila anachopata, wakati tajiri sehemu kubwa ya kipato chake huiweka kwenye hisa na akiba, ambako VAT ya dukani haimfuati.

Mtazame na mwajiriwa. Mshahara ukipita shilingi 1,000,000 kwa mwezi, kinachozidi hukatwa asilimia 30. Gawio, yaani mgao wa faida anaopewa mwenye hisa, la kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa asilimia 5. Kampuni huwa imeshalipa kodi ya faida kabla ya kugawa, hilo lisifichwe. Lakini mwenye gawio anaweza kununua hisa nyingine. Mama lishe jioni anahesabu sarafu kuona kama mtaji wa mchele na mkaa wa kesho umebaki.