Aliyepiga Risasi Akijitetea: Nani Huamua Kama Kesi Itasikilizwa?

Hapa Tanga, mwenye duka wa Ngamiani au mlinzi wa shamba la mkonge akimpiga risasi mtu aliyemvamia usiku, hukumu hutoka vijiweni kabla polisi hawajamaliza kuchora ramani ya tukio. Wapo wanaosema hana kesi kwa sababu alijitetea, na wapo wanaosema atanyongwa kwa sababu ameua. Pande zote mbili huruka hatua zilizopo kati ya risasi na hukumu, ilhali ni katika hatua hizo ndipo mambo mengi huamuliwa.

Dhana ya kwanza ni kwamba aliyejitetea hakamatwi. Ukweli ni kwamba kujitetea ni hoja inayopimwa kwa ushahidi, na ushahidi hauwezi kupimwa kabla haujakusanywa. Mtu amekufa, kwa hiyo polisi watafungua jalada, watachukua bunduki na leseni yake, wataokota maganda ya risasi na kuandika maelezo ya onyo ya aliyepiga, yaani maelezo anayotoa baada ya kuonywa kwamba halazimiki kusema. Maiti itapelekwa, kwa mfano, Hospitali ya Bombo ili daktari aeleze jeraha liko wapi na risasi ilipita wapi. Iwapo shtaka ni la mauaji, sheria yetu haitoi dhamana, na hapo ndipo wengi hushtuka: mtu anayeamini kwa dhati kwamba hana kosa anaweza kukaa mahabusu katika gereza la Maweni muda mrefu akisubiri upelelezi ukamilike. Kuua bila kukusudia, kinyume chake, ni kosa lenye dhamana, kwa hiyo uchaguzi wa shtaka peke yake hubadilisha maisha ya mtuhumiwa hata kabla ya shahidi wa kwanza kusimama.

Dhana ya pili, ambayo naiona kuwa ndiyo inayopotosha zaidi, ni kwamba hakimu ndiye anayeamua kama kesi iende mbele. Mtuhumiwa wa mauaji hupelekwa kwanza mahakama ya chini, anasomewa shtaka, na anaambiwa asijibu lolote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Kesi huja kutajwa tena na tena, ndugu hujaa barazani wakitarajia hakimu aseme neno kuhusu kujitetea, naye hasemi, kwa sababu si kazi yake kusema. Anayesoma jalada na kuamua ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kupitia mawakili wa Serikali. Akiona ushahidi hautoshi, au kwamba ushahidi wenyewe unaonyesha mtu alijitetea kwa kiasi kinachokubalika, anaweza kuelekeza kwamba mashtaka yasiendelee. Akiona unatosha, hati ya mashtaka hufunguliwa Mahakama Kuu, na mahakama ya chini humsomea mtuhumiwa hati hiyo pamoja na maelezo ya mashahidi kabla ya kumkabidhi rasmi kwa ajili ya kusikilizwa. Kwa kesi za mkoa wetu, safari hiyo huishia Mahakama Kuu, Kanda ya Tanga.

Nadhani mkanganyiko huu unatokana kwa sehemu na habari za Marekani zinazozunguka kwenye simu zetu. Katika jimbo la Florida, sheria ya mwaka 2005 ilimpa aliyejitetea kinga dhidi ya mashtaka yenyewe, na jaji anaweza kusikiliza ushahidi wa hoja hiyo pekee kabla kesi haijaanza. Tangu mwaka 2017 mzigo wa kuivunja kinga hiyo katika kikao hicho umewekwa mabegani mwa mwendesha mashtaka. Hata huko mambo hayaendi kama yanavyosimuliwa. George Zimmerman, aliyempiga risasi kijana Trayvon Martin mwaka 2012, hakuachiwa na kikao cha aina hiyo, kwani upande wake haukukitumia. Kesi yake ilisikilizwa, na baraza la raia sita likamwona hana hatia mwaka 2013. Tanzania haina kikao cha namna hiyo, wala haina baraza la raia linaloamua hatia.

Dhana ya tatu husema kwamba mwizi akishaingia uani kwako, damu yake haina mwenyewe. Kanuni ya Adhabu, sheria yetu ya makosa ya jinai, inatambua haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, na inakubali kwamba haki hiyo inaweza kufikia hatua ya kuua, kwa mfano mtu anapokabiliwa na kifo, madhara makubwa ya mwili, ubakaji au unyang'anyi. Lakini inataka imani ya kweli yenye sababu za msingi kwamba kitendo hicho kilikuwa cha lazima, na nguvu isiyozidi kile kinachohitajika. Tuchukue watu wawili wenye bunduki za aina moja, katika mtaa mmoja wa Makorora. Wa kwanza amempiga kifuani, ndani ya chumba, mtu aliyemwinulia panga. Wa pili amempiga mgongoni mtu aliyekuwa amekwisha kuruka ukuta akikimbia na redio. Wote wawili watasema walijitetea, lakini maelezo ya daktari, umbali uliopimwa na mahali maganda yalipookotwa vitamsaidia mmoja na kumwangusha mwingine. Aliyezidisha nguvu katika kujitetea kwa kweli hana hatia ya mauaji, bali ana hatia ya kuua bila kukusudia. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa mauaji ya kukusudia yana adhabu moja tu, kunyongwa, wakati kuua bila kukusudia adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha na jaji anaweza kushuka chini sana ya hapo.

Leseni ya silaha, nayo, ni kibali cha kumiliki na si kibali cha kupiga. Asiye na leseni ana kosa lingine chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, lakini kosa hilo peke yake halimnyang'anyi hoja ya kujitetea.

Dhana ya mwisho ni kwamba mshtakiwa lazima athibitishe alijitetea. Sheria ya Ushahidi humtaka aibue hoja yake, lakini akifanikiwa kuacha shaka ya maana, hata kwa kutumia maneno ya mashahidi wa upande wa mashtaka wenyewe, anaachiwa. Jaji huulizwa jambo hili kwa mara ya kwanza pale Serikali inapofunga ushahidi wake: je, mshtakiwa ana kesi ya kujibu? Akisema hapana, mtu huyo ameachiwa huru kabisa na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo. Aliyeondolewa mashtaka na Mkurugenzi kabla ya hapo hana uhakika huo, kwani ushahidi wa kutosha ukipatikana baadaye, mlango wa kumshtaki upya bado uko wazi.