Sababu za kuacha pombe zitoke kinywani mwa mnywaji

Wengi wanaoletwa kwangu hapa Kampala kwa sababu ya uraibu wa pombe husindikizwa na ndugu waliochoka, ambao hutarajia nimkaripie mgonjwa hadi aape kuacha. Sifanyi hivyo, kwani anayekunywa waragi, pombe kali ya hapa Uganda, kila siku amekwisha kuyasikia makaripio yote, na nafsini mwake anataka kuacha na kuendelea kwa wakati mmoja. Nikiushika mimi upande wa kuacha, yeye hubaki kuutetea upande wa pili, na kadiri anavyoutetea ndivyo anavyozidi kuuamini.

Njia ninayoitumia ni mahojiano ya kuhamasisha, ambayo mwanasaikolojia Mmarekani William R. Miller aliieleza mwaka 1983 kwa ajili ya watu wenye matatizo ya pombe, kisha akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Kiini chake ni kusikiliza na kumrudishia mtu maana ya maneno yake. Tuseme mgonjwa anayekunywa malwa, pombe ya ulezi inayonywewa kwa pamoja, ananiambia, "Daktari, watoto wananikimbia nikirudi usiku, lakini malwa ndiyo inayonikutanisha na wenzangu." Humjibu: "Kwenye malwa unawapata wenzako, mzee, na nyumbani watoto wanakukimbia." Nimewaweka watoto mwisho kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingi mtu huendelea pale ulipoishia. Kisha nanyamaza, ingawa kunyamaza huko huwawia vigumu sana washauri wanaoanza kazi.

Humwuliza pia, kutoka sifuri hadi kumi, kuacha kuna umuhimu gani kwake. Akisema nne, simwulizi mbona si tisa, kwani atajitetea. Namwuliza kwa nini hakusema moja, na hapo huanza kunitajia mwenyewe karo, ini, au mke aliyerudi kwao. Hata maelezo ya kitabibu siyatoi kabla ya kumwomba ruhusa.

Jambo moja, hata hivyo, nalisema wazi. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwa sababu anaweza kupatwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha akaweweseka na kuona visivyokuwepo, hali inayoweza kuua. Aende hospitali, ile ya Butabika hapa Kampala ina kitengo cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Tiba ya siku hizo za kwanza kwa kawaida ni dawa ya kutuliza iitwayo diazepamu, inayopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1, na mwili ukishatulia mazungumzo yetu huendelea, maana hamu ya kunywa haikomi mwili unapoacha kutetemeka.