Je, wajua kwa nini mahindi hugoma pale msitu unapostawi?

Ukipanda gari la Muheza kwenda Amani, unaiacha michungwa kule chini, barabara inaanza kujikunja, na baada ya kona kadhaa jua linazimwa na miti. Hii ni Usambara ya Mashariki, mkoani Tanga, ambako mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka na nguo ulizoanika Jumatatu unaweza kuzikuta mbichi Jumatano. Vijiji vimebanwa kati ya mashamba ya chai na msitu wa hifadhi. Mvua ikikaza gari halipandi, na magunia ya iliki hungoja njia ikauke.

Mara ya kwanza kufika huko nilimwambia mwenyeji wangu, mzee mkulima wa iliki, maneno ninayoona haya kuyarudia: "Mzee, nyie mmekalia mali. Hapa si ukichomeka fimbo tu inaota?"

Hakubisha. Alichukua jembe, akaniambia, "Njoo, mwanangu." Tuliingia ndani ya iliki zake, zilizopandwa chini ya miti mikubwa ya msitu. Iliki haizai juu kama wengi wanavyodhani. Vikonyo vya matunda hutokea shinani na kulala chini kwenye majani makavu, kwa hiyo mchumaji huinama siku nzima. Mzee akasogeza majani kwa mguu, akapiga jembe mara mbili. Juu kulikuwa na tabaka jeusi, laini, linalonukia uyoga, limejaa vizizi vyembamba kama nywele. Nikalipima kwa mkono: vidole vinne. Chini yake udongo mwekundu unaoelekea njano, unaoteleza kama sabuni, mizizi haba. "Mali yenyewe ndiyo hiyo," akasema, akiniinulia vidole vinne.

Kosa langu lina historia ndefu na wenye nalo ni wengi. Tumezoea kuusoma mmea kama kipimo cha udongo: mahindi yakiwa na kijani cha kuiva tunasema ardhi ina rutuba, na kwa shamba la mahindi mara nyingi tunapatia. Basi tukiona mti wa mita 40 tunapiga hesabu ileile. Wajerumani nao waliipiga. Katika miaka ya 1890 kampuni zao zilifyeka msitu kwenye milima hii na kupanda kahawa, kwa imani kwamba ardhi inayobeba msitu wa namna ile haiwezi kushindwa na kahawa. Ikashindwa. Miche ilianza vizuri, kisha mavuno yakadorora mwaka hadi mwaka. Kwa haki, udongo haukuwa mshitakiwa peke yake, kwa sababu bei ya kahawa duniani nayo ilianguka miaka ileile. Lakini baadaye, wakati wa Waingereza, zao lililokuja kushika vilima vile ni chai, mmea unaopenda udongo wenye asidi ambao mimea mingine huukimbia. Wataalamu walikuwepo, tena jirani kabisa, maana kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kilianzishwa mwaka 1902. Kahawa ilikuwa imeshapandwa.

Sasa, ikiwa udongo ni maskini, msitu unakula nini?

Fikiria upatu. Akina mama 12, kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 120,000. Huyu anaezeka nyumba, yule analipa ada, mwingine ananunua cherehani. Mtaa mzima unaonekana una hela. Lakini mwizi akivamia usiku nyumba ya kijumbe, yule anayepokea michango na kuigawa, atakuta kopo tupu. Fedha ipo, tena nyingi, ila hailali. Ikitoka mkono huu inaingia mkono ule.

Msitu wa mvua unaishi hivyo. Sehemu kubwa ya virutubisho vyake imo ndani ya miti yenyewe: majani, magome, mizizi. Jani likidondoka, kijumbe analipokea siku hiyohiyo. Kijumbe hapa ni kuvu, bakteria na mchwa, na kwa joto na unyevu ule kazi yao ni ya haraka. Kabla mvua haijawahi kuusomba mchango, vile vizizi vya nywele, vikisaidiwa na kuvu walioungana navyo, vimeshaudaka na kuurudisha juu mtini. Ndiyo maana mizizi mingi imejazana juujuu. Fedha inagawiwa sebuleni, wa kwenda kuchimba stoo ni nani?

Stoo yenyewe ni mbovu. Miamba ya Usambara ni ya zamani sana, na udongo uliotokana nayo umenyeshewa kwa muda usiosemeka. Udongo mchanga kiumri una kuta zenye misumari, virutubisho hutundikwa hapo vikasubiri. Udongo huu mzee wa mfinyanzi, misumari yake mingi imeshang'oka. Ukitundika kitu kinaanguka, na mvua inakifagia kuelekea Mto Zigi.

Ukifyeka na kuchoma, umeuvunja upatu na kugawa kila kitu kwa mkupuo. Majivu yana potasiamu, kalisi na fosforasi, tena yanapunguza asidi, kwa hiyo mahindi ya mwaka wa kwanza yanaweza kukupa kiburi. Naitrojeni nyingi imeshaondoka na moshi. Mwaka wa pili unavuna kiasi, wa tatu unapalilia zaidi ya unavyovuna, halafu unaanza kuangalia kipande kingine. Hata iliki, inayoachiwa miti mikubwa juu yake, huchoka baada ya miaka kadhaa, ingawa hapo magonjwa na umri wa mimea nayo yana mkono.

Habari hii haihusu kila msitu. Miteremko ya Kilimanjaro, au Virunga kule Kongo na Rwanda, ina udongo wa volkano, kijana na tajiri, na msitu ukiondoka migomba inashika bila manung'uniko. Kwa hiyo ukubwa wa mti haukwambii udongo ni mzuri wala mbaya. Inabidi uulize mwamba, au umwombe mzee jembe.

Udongo mzuri kuliko wote niliouona kijijini pale haukuwa msituni wala shambani. Ulikuwa nyuma ya jiko la mke wa yule mzee, kwenye migomba, anapomwaga majivu, maganda ya ndizi, maji ya kuoshea vyombo na taka za kufagia uwanja. Mweusi, na jembe lilizama bila kulazimishwa. Kule Amazon, kwenye udongo uliochoka hivihivi, kuna maeneo ya ardhi nyeusi yenye rutuba hadi leo, na ukiyachimba unakuta mkaa, mifupa ya samaki na vigae vya vyungu: majalala ya watu walioishi hapo kabla Wazungu hawajafika.