Kiumbe wa Frankenstein: utu wake usomwe wapi

Frankenstein si jina la kiumbe. Ni jina la Victor, mwanafunzi wa Ingolstadt aliyemuunda. Kiumbe mwenyewe hana jina mwanzo hadi mwisho. Wala si bubu wa kunguruma kama filamu ya 1931 ilivyowazoesha watu. Katika riwaya ya Mary Shelley, iliyochapishwa London mwaka 1818, ana ufasaha unaowashinda wengi wanaomkimbia.

Anayetaka kuupima utu wake aanzie sura ya 11 hadi ya 16 za toleo la 1831, anakojieleza mwenyewe. Amejibanza kwenye kibanda kilichopakana na nyumba ya akina De Lacey. Mwanzoni huwaibia chakula usiku. Akishajua ni maskini, anaacha, anakula matunda ya porini na mizizi, kisha anawakatia kuni kwa siri. Lugha anaipata kwa kuchungulia kwenye ufa Felix, mwana wa De Lacey, akimfundisha Safie, mpenzi wake aliyetoka nchi ya mbali. Mzee De Lacey, kipofu, anamkaribisha na kumsikiliza vizuri tu. Felix anaingia, anamwona, anamcharaza fimbo.

Ukiishia hapo utamsamehe kila kitu, na wanafunzi wengi huishia hapo hapo. Endelea na sura ya 16. Kumnyonga mtoto William, mdogo wake Victor, unaweza kusema ni hasira, maana ametoka kusikia jina la Frankenstein. Lakini baadaye anamkuta Justine, mtumishi wa nyumbani kwa akina Frankenstein, amelala, anamtia kwenye nguo picha aliyoichukua kwa marehemu, na binti huyo asiye na hatia ananyongwa kwa kosa lisilo lake. Hiyo ni hesabu iliyopigwa. Tena anasema wazi kwamba hila hiyo kaipata kwenye masomo ya Felix na sheria za wanadamu za kumwaga damu. Kwa hiyo anayedai uovu wake ni unyama uliosalia mwilini hajausoma ukurasa huo: ameujulia darasani.

Jambo moja la kuangalia: maneno hayo yote yanatufikia kupitia Victor, na Victor alizisahihisha kwa mkono wake kumbukumbu alizoandika Walton, nahodha wa meli aliyemwokoa na kumsikiliza akisimulia. Ni mwishoni tu, melini, Walton anapomsikia kiumbe kwa masikio yake, akimlilia Victor aliyekufa. Soma ukurasa huo polepole. Walton anafumba macho kwanza, ndipo anamwambia abaki.