Ijumaa ijayo ni ipi? Habari na matukio ya shule ndogo

Jumatatu moja asubuhi bibi wa mwanafunzi wetu alinisubiri getini, karatasi yetu ya matangazo ikiwa mkononi, imekunjwa mara nne na pembe zimeanza kuchanika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hebu niambie mwalimu, hii Ijumaa ijayo mliyoandika hapa ndiyo mtondogoo hii, au ile ya wiki nyingine?"

Nilikuwa nimeiandika mwenyewe. Niliiandika Alhamisi ya wiki iliyopita, na kichwani mwangu siku hiyo "Ijumaa ijayo" haikuweza kuwa nyingine ila hii iliyokuwa mbele yetu, kwa kuwa Ijumaa ya karibu zaidi ningeiita kesho. Karatasi ikakaa kwenye begi la mtoto Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ilipofunguliwa Jumatatu, neno "ijayo" lilikuwa limeshahama wiki nzima. Nilimwambia bibi ni hii hii, akashukuru, akaenda zake. Kisha nikahesabu: yeye ameuliza. Wangapi hawakuuliza?

Nimeshughulikia matangazo, kalenda na jarida la shule ya jamii kwa miaka 11 sasa, na tangu siku ile neno "ijayo" halijatoka tena ofisini kwetu. Tunaandika jina la siku na tarehe, vyote viwili, kila mara. Tarehe peke yake watu huisahau; siku peke yake huteleza. Vikikaa pamoja, kimoja kinamsahihisha mwenzake, na hata mimi nikikosea, kuna mzazi atakayegundua kwamba tarehe 14 si Jumatano.

Saa nayo ina mtego wake, na huu ni wa sisi tunaosema Kiswahili. Tunaposema saa tatu asubuhi, simu zetu zinaonyesha 9:00. Mzazi anaposoma "saa 3" na kuiingiza kwenye kikumbusho cha simu kama ilivyo, simu inaamini ni 3:00. Baba mmoja alitufikia saa tisa alasiri, amevaa vizuri, tukiwa tunarudisha viti madarasani. Mtoto wake alikuwa ameshaimba, ameshapigiwa makofi, na ameshachoka kutazama getini. Siku hizi tunaandika hivi: saa 3:00 asubuhi (kwenye simu 9:00). Inaonekana kama tunarudia jambo moja mara mbili, na ndivyo ilivyo.

Watu wengi wanaochukua kazi hii kwa mara ya kwanza hudhani habari na matukio ni kurasa mbili tofauti: huku yaliyopita, kule yajayo. Kwangu mimi ni jambo moja linalotazamwa kabla na baada. Tangazo la tukio ni ahadi tuliyowapa watu waliopanga siku yao kwa ajili yetu, na habari inayofuata ndiyo inayoonyesha kama tuliitimiza. Ukisoma majarida mengi ya shule utaona ahadi nyingi na sherehe nyingi, ila huwezi kujua ni ipi iliyozaa ipi. Kikao cha wazazi kilitangazwa muhula wa kwanza, je, kilifanyika? Kiliamua nini kuhusu uzio? Kimya.

Kalenda ya muhula mimi huanza kuipanga kwa yale tusiyoyaamua sisi. Mitihani inayopangwa na wengine inaingia kwanza. Kisha sikukuu zinazohama. Pasaka huangukia Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu, kwa hesabu ya kanisa, unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo kwa makanisa mengi inaweza kuwa mapema kama 22 Machi au ikachelewa hadi 25 Aprili. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani na Idi hurudi nyuma kwa takribani siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Aliyenakili kalenda ya mwaka jana na kubadilisha mwaka tu ataweka siku ya michezo katikati ya mfungo na kushangaa kwa nini nusu ya watoto hawakimbii. Na siku ya Idi yenyewe usiiandike kwa wino mzito: andika "kutegemea mwandamo wa mwezi", na usipange chochote kizito siku inayotangulia wala inayofuata.

Baada ya hapo ndipo yanakuja yetu: kikao cha wazazi, siku ya michezo, siku ya usafi, mahafali. Na kuna siku za kimataifa, ambazo kila mwalimu mgeni huja na orodha yake. Tarehe 24 Januari ni ya elimu, 21 Februari ya lugha ya mama, 23 Aprili ya vitabu, 7 Julai ya Kiswahili, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, 8 Septemba ya kusoma na kuandika, 5 Oktoba ya walimu, 15 Oktoba ya kunawa mikono. Shule yenye walimu wanane ikijaribu kuziadhimisha zote itakuwa shule ya kupamba kumbi. Sisi tunachagua mbili kwa mwaka. Niseme wazi kwamba siku ya walimu huwa naipigia debe, na sababu si upendeleo tu: 5 Oktoba ilichaguliwa kwa kuwa siku hiyo mwaka 1966 lilipitishwa pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, na watoto wakubwa hufurahia kujua kwamba haki za mtu anayewafundisha zimeandikwa mahali.

Kuhusu njia ya kupeleka taarifa sina maneno mengi, isipokuwa hili la ujumbe mfupi wa simu, maana limetugharimu. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160. Ukizidi, unakatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa kama ujumbe kamili. Hayo wengi wanayajua. Wasilolijua ni kwamba alama moja isiyomo kwenye orodha ya msingi ya herufi za simu inashusha nafasi yote kutoka 160 hadi 70. Emoji moja ya puto inatosha. Kiswahili hakina herufi zenye vikorombwezo, kwa hiyo tulijiona salama, mpaka tulipotuma tangazo la siku ya kung'arisha madarasa na gharama ikaja mara tatu. Nilikaa na mhasibu wetu tukilitazama lile tangazo neno kwa neno. Mwizi alikuwa kwenye "kung'arisha": nilikuwa nimelinakili kutoka kwenye waraka wa kompyuta, na kompyuta ilikuwa imekipinda kile kidoti cha juu cha ng'. Kilichonyooka kimo kwenye orodha, kilichopinda hakimo. Sasa matangazo ya simu tunayachapa kwenye simu yenyewe.

Tukio likiahirishwa, kosa la kawaida ni kutangaza kilichobadilika na kusahau kisichobadilika. "Siku ya michezo imeahirishwa." Sawa, je, watoto waje shuleni? Wavae sare au nguo za michezo? Wanatoka saa ngapi? Mvua ilipotufukuza uwanjani mwaka mmoja, ujumbe wangu ulikuwa na sentensi moja, na simu ya ofisi ililia hadi adhuhuri.

Habari za yaliyopita ndizo ninazozipenda zaidi, na ndizo ninazoziandika kwa uchache zaidi, kwa sababu sasa wanaandika watoto. Wazo hili si langu. Katika miaka ya 1920 mwalimu wa kijiji kusini mwa Ufaransa, Célestin Freinet, aliingiza mashine ndogo ya kupigia chapa darasani kwake Bar-sur-Loup, watoto wakawa wanapanga herufi wenyewe na kuchapa waliyoyaona, kisha wanapelekeana kurasa kwa posta na darasa la Trégunc, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1926 Janusz Korczak, daktari aliyekuwa mlezi wa yatima, alianzisha mjini Warsaw, Poland, gazeti la watoto, Mały Przegląd, likitoka kila Ijumaa ndani ya gazeti la watu wazima na kuandikwa kwa barua na taarifa za watoto wenyewe. Liliendelea hadi Septemba 1939, vita ilipoingia. Sisi tuna mashine ya kurudufu na karatasi zinazokunjwa katikati, lakini kanuni ni ile ile: aliyeona ndiye anayeandika.

Tofauti inaonekana mara moja. Mimi nikiandika siku ya michezo nitasema ilifana, wazazi walijitokeza kwa wingi, mgeni rasmi aliwaasa wanafunzi wasome kwa bidii. Hakuna hata neno moja hapo ambalo nisingeweza kuliandika siku moja kabla. Mvulana wa darasa la nne aliandika kwamba katika mbio za magunia gunia lake lilikuwa na tundu, mguu mmoja ukatoka, akawa anaruka kwa mguu mmoja na kukimbia kwa mwingine, na mwalimu wa zamu akashindwa kuamua kama ni udanganyifu. Hiyo ndiyo habari. Kazi yangu ni kusahihisha tahajia na kuuliza: ulishika nafasi ya ngapi?

Udogo wa shule una hatari yake ambayo mwongozo wa shule kubwa hautakuambia. Gazeti la taifa likiandika "mwanafunzi mmoja", limemficha. Sisi tukiandika "mwanafunzi mmoja wa darasa la pili" na darasa lina watoto tisa, tumemtaja kila kitu ila jina. Kwa hiyo makosa ya mtoto hayaingii kwenye jarida kwa sura yoyote ile, wala orodha ya wasiomaliza michango, hata ikiandikwa kwa namba. Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unamlinda mtoto asiingiliwe faragha wala asishambuliwe heshima yake, na heshima ya mtoto wa miaka saba iko pamoja na ya mama yake. Picha tunazitoa kwa ridhaa ya maandishi, na hatuweki jina kamili chini ya sura. Safari za masomo tunazitangaza kwa wazazi tu. Kwingineko tunaziandika zikishaisha, watoto wakiwa wamerudi. Mtu asiyetuhusu hana haja ya kujua kundi la watoto litakuwa wapi Alhamisi saa nne.

Upande mwingine wa udogo huo huo ni kwamba unaweza kuwataja wote. Nina nakala ya daftari la mahudhurio ambayo haina kazi nyingine: jina la mtoto likitokea kwenye jarida kwa jambo jema, naweka alama. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivyo, mwisho wa muhula niliwakuta watatu bila alama hata moja. Hawakuwa wa kwanza darasani, hawakuwa watundu, hawakuimba, hawakukimbia. Mmoja, nilipouliza, kumbe ndiye aliyekuwa akimwagilia miche nyuma ya madarasa kila asubuhi bila kutumwa. Alikuwa mbele ya dirisha langu muda wote ule.

Kuna kona moja tu kwenye jarida ambayo siruhusu ikatwe hata nafasi ikibana. Inaitwa Tulisema. Upande wa kushoto tunanakili matangazo ya toleo lililopita neno kwa neno. Upande wa kulia tunaandika kilichotokea. Kikao: kilifanyika, wazazi 31, uzio utaanzia upande wa barabara. Maktaba: haikufunguliwa, rafu hazijafika. Mwenyekiti wa kamati hakuipenda kona hii mwanzoni, alisema tunajianika. Nilimwomba matoleo matatu. Tangu hapo yeye ndiye wa kwanza kuisoma, na nadhani huwa anaipitia kabla ya vikao vyake.

Kwa matoleo mawili mfululizo upande wa kulia ulikuwa na mstari ule ule: mlango wa choo cha wasichana, bado. Toleo la wiki iliyopita nilimpa kona hiyo msichana wa darasa la tatu aijaze. Alikwenda na daftari, akachelewa, nikaanza kumtafuta kwa macho. Aliporudi alikuwa ameandika: "Mlango umetengenezwa. Nimeufunga na kuufungua mara tano. Komeo ni jipya ila liko juu, wa darasa la kwanza hawafiki." Nilimwita fundi siku hiyo hiyo.