Kwa nini Mkristo aliyekuwa moto chuoni hupotea akihitimu?

Kijana ameongoza sala za TMCS (umoja wa wanafunzi Wakatoliki) au USCF (umoja wa wanafunzi Wakristo wa vyuo vikuu) miaka mitatu, ameimba kwaya, hajakosa mafungo. Miezi sita baada ya mahafali hakuna ajuaye anasali wapi. Wazee husema dunia imemchukua. Mara nyingi sababu ni ndogo kuliko hiyo: alihama, na hakuna parokia iliyojua kwamba amefika.

Chuoni, umoja wa wanafunzi humfuata mtu alipo. Wenzake wako bweni moja naye, rika moja, na asipoonekana Jumapili kuna wa kumgongea mlango. Parokia humhesabu mwamini pale anapolala. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakaupa kipaumbele ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na hapa Tanzania jumuiya hizo ni majirani: kaya kadhaa za mtaa mmoja zenye mwenyekiti, katibu, mhazini na mtakatifu msimamizi. KKKT, yaani Walutheri, nao wana jumuiya chini ya usharika. Kwa hiyo mhitimu akiondoka chuoni, hakuna anayelifuta jina lake huku na kuliandika kule. Ni yeye atakayelihamisha, kwa barua.

Barua ya utambulisho iombwe kabla ya kufunga mabegi, kwa padri mlezi au mchungaji wa wanafunzi. Iwe na jina kamili, mahali na mwaka wa ubatizo, kipaimara, huduma uliyofanya, sahihi na muhuri. Piga picha barua hiyo pamoja na cheti cha ubatizo, maana karatasi hupotea sana katika kuhamahama.

Ukifika mtaa mpya, baada ya misa ya kwanza nenda ofisi ya parokia au kwa katekista. Utaulizwa unakaa wapi na umepakana na nani; jina la mwenye nyumba wako husaidia kuliko namba ya nyumba. Utaambiwa jumuiya yako na simu ya mwenyekiti. Mpigie siku hiyo hiyo. Jumuiya nyingi za mjini hukutana Jumamosi alfajiri, na ukisubiri wiki ijayo, wiki ijayo huzaa nyingine.

Hapo kwenye jumuiya ndipo wengi hukwama. Chuoni walizoea sifa za kelele na vijana pekee. Hapa wamo akina mama, wazee, watoto waliobebwa usingizini, na rozari isiyo na haraka. Inapotumika njia ya hatua saba ya kusoma Injili pamoja, mgeni ajue zamu yake: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili, kurudia neno lililokugusa, kunyamaza, kushirikishana, kuangalia kazi ya kufanya, kusali. Katika hatua ya tatu neno moja linatosha kabisa. Si mahali pa kuhubiri, na aliyekuwa kiongozi chuoni husahau hilo upesi.

Kuna aibu mbili zinazofukuza watu. Ya kwanza ni swali la “unafanya kazi wapi?” kwa mtu anayezunguka na bahasha ya vyeti. Ya pili ni michango. Zote mbili dawa yake ni kumwambia mwenyekiti ukweli faraghani: sina kazi bado, nitatoa kidogo, ila nguvu ninazo. Jumuiya huhitaji msomaji, katibu mwenye mwandiko mzuri, na mtu wa kukesha na mgonjwa au kushinda msibani. Zamu ya kupokea sala ikifika na chumba chako ni kimoja, omba baraza la mwenye nyumba na mkeka.

Kwaya na VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) ni vyema sana, hasa kwa anayekumbuka wenzake wa chuo, lakini visiwe badala ya jumuiya. Siku ya kuandikisha ndoa, paroko humuuliza mwenyekiti wa jumuiya kama anakufahamu. Utatakiwa pia cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, kwa kawaida ndani ya miezi sita, kwa kuwa ndoa huandikwa kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia ulikobatizwa, na cheti cha zamani hakiwezi kuonyesha kilichoandikwa baadaye.

Na ukipata ajira mkoa mwingine, omba barua mpya kwa paroko kupitia mwenyekiti huyo huyo, kabla ya kukabidhi ufunguo.