Tuzo za uongozi na kujitolea kwa wanachuo wa Tabora: yanayosemwa na yaliyo kweli

Msimu wa mahafali ukikaribia, Tabora husikika maneno yaleyale kuhusu wanachuo watakaoitwa mbele kupewa cheti cha uongozi au cha huduma kwa jamii. Huyu kapendelewa na mlezi wa wanafunzi. Yule anajiandalia udiwani. Wengine wanasema vyeti hivyo ni karatasi tu. Nayachukulia maneno haya kwa uzito, kwa sababu kuna vijana wanaofanya kazi njema mwaka mzima na hawataki majina yao yapendekezwe, wakiogopa kusemwa hivyo.

Dhana: Tuzo ya uongozi ni ya rais na mawaziri wa serikali ya wanafunzi.

Serikali ya wanafunzi ina nafasi yake, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inaitambua. Lakini kuchaguliwa ni kupewa kazi, na tuzo inapaswa kuuliza kazi hiyo ilifanywaje. Kuna rais wa wanafunzi anayemaliza muhula wake bila kuacha jambo moja ambalo mwenzake atalikumbuka. Na kuna kiongozi wa darasa asiyejulikana nje ya kozi yake ambaye kila siku ya kusaini bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka mkopo wa elimu ya juu, huwahi kwenye foleni na orodha mkononi, huwapigia simu waliosafiri, na jioni anakwenda ofisini kufuatilia yule ambaye jina lake halikutoka. Kama tuzo inaangalia cheo tu, huyu hataonekana kamwe.

Tabora ina mfano mkubwa wa jambo hili. Julius Nyerere aliingia shule ya serikali hapa mwaka 1937. Alipokuwa Makerere alishirikiana na wenzake kuanzisha umoja wa wanafunzi wa Tanganyika, na mwaka 1946 akarudi kufundisha shule ya St. Mary's. Akiwa mwalimu wa kawaida hapa mjini, alikuwa pia katibu wa tawi la TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichoitangulia TANU. TANU ilikuja mwaka 1954, miaka minane baada ya yeye kuanza kufundisha. Uongozi wake ulianza kwenye kazi za ukatibu, kuitisha vikao na kuandika barua, kazi ambazo mpaka leo ndizo zinazosahaulika majina yakipendekezwa.

Dhana: Kujitolea ni kupeleka sabuni na sukari, kupiga picha na kuondoka.

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na vyuo vyenyewe vinachangia kosa hili. Msaada wa vitu ni mwema na anayepokea anauhitaji. Lakini ukiufanya kuwa kipimo cha tuzo, unamzawadia mwenye nauli, mwenye mjomba mfanyabiashara, na mwenye marafiki wa kuchangishana. Mwanafunzi anayeishi kwa bumu peke yake anakuwa ameshindwa kabla hajaanza.

Chukua uchangiaji damu. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kiko hapahapa Tabora. Chuo kinaandaa siku moja, hema linasimamishwa, wanafunzi wanajipanga, na wiki nzima watu wanapongezana. Sasa angalia upande wa benki ya damu: chupa ya damu ambayo haijatenganishwa ikihifadhiwa vizuri kwenye jokofu hudumu kama siku 35. Iliyotolewa Novemba haiwezi kumwokoa mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua mwezi Machi, wala mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria msimu wa mvua. Hospitali ya Kitete inahitaji damu kila wiki, chuo kikiwa wazi au kimefungwa.

Mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kwa hiyo kijana wa kiume mwenye afya anaweza kutoa mara nne kwa mwaka, na msichana mara tatu. Mwanafunzi anayestahili kutazamwa kwa karibu ni yule aliyeshika daftari la wenzake wenye utayari, anayejua nani miezi yake imetimia, anayewakumbusha hata wakati wa mitihani, na anayemtuliza aliyerudishwa. Maana wapo wanaorudishwa. Kuna kipimo ambacho tone la damu ya kidole huangushwa kwenye kimiminika cha buluu: likizama, wingi wa damu unatosha, likielea, mchangiaji anaambiwa akale vizuri arudi siku nyingine. Msichana aliyejikaza kisabuni mpaka akafika pale, kisha tone lake likaelea, huondoka ameinamisha kichwa. Anayekwenda naye mpaka bwenini, akamwambia kwamba maharage, dagaa na mboga za majani vitamrudisha pale, anaongoza. Kazi hiyo haina picha.

Au chukua Shule ya Viziwi Tabora. Ilianzishwa mwaka 1963 na ndiyo shule ya kwanza ya viziwi nchini. Wageni wanaoingia na zawadi wanapokelewa vizuri, wanapungiwa mikono, wanaondoka wamefurahi. Mwanachuo aliyeamua kujifunza lugha ya alama yuko kwenye safari nyingine kabisa. Mwanzoni anaandika jina lake kwa vidole herufi kwa herufi, polepole, na watoto wanamsahihisha, wanamshika mkono na kumkunja kidole kinapotakiwa kukaa. Inabidi arudi na kurudi mpaka siku moja mtoto amweleze tatizo lake bila mkalimani. Mimi ningempa tuzo huyo kabla ya kundi zima lililokuja na katoni.

Dhana: Bila picha hakuna ushahidi.

Kwanza, suala la sheria. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtoto wa kituo cha yatima, mwanafunzi mwenye ulemavu au mgonjwa wodini si mapambo ya fomu ya maombi. Kumpiga mtoto picha kunahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi wake, na anayelala njaa hana nguvu ya kumkatalia aliyemletea chakula asimpige picha.

Pili, picha inathibitisha kwamba ulikuwepo siku hiyo, basi. Upo ushahidi bora: daftari la wageni la shule, barua ya mwalimu mkuu au ya mtendaji wa mtaa, na zaidi ya vyote maneno ya waliohudumiwa wenyewe. Kamati ya tuzo ikituma watu wawili kwenda kuuliza, itapata jibu kwa nusu saa. "Huyo tunamjua" na "walikuja siku moja na gari" ni majibu mawili tofauti sana.

Dhana: Mwanafunzi mwenye ulemavu ni wa kuhudumiwa, hawezi kuwa mshindi wa huduma.

Hii inauma, hasa mkoani kwetu. Tabora ina chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, ambacho wengi tunakiita AMUCTA, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na wanafunzi wasioona au wenye usikivu hafifu wanasoma pamoja na wengine. Tunamsifu anayemsomea mwenzake asiyeona kitabu. Ni haki yake. Lakini yule asiyeona anayemfundisha jirani yake wa bweni kusoma nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kupapasa, ili siku akipangiwa shule yenye watoto wasioona asiwe mgeni, naye anatoa huduma. Fomu nyingi hazina mahali pa kumwandika.

Dhana: Anayejitolea sana atakula sapu, yaani atafeli na kurudia mtihani.

Inategemea anavyopanga muda. GPA, yaani wastani wa ufaulu, inatokana na kazi za darasani na mtihani wa mwisho wa muhula; cheti cha uongozi hakiongezi hata nukta moja. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, na hakuna wa kukusogeza pale kwa sababu ulipanda miti. Kwa maoni yangu, kamati ina haki ya kudai kwamba anayependekezwa awe amefaulu masomo yake, ila isimnyime nafasi kwa kuwa hakupata la kwanza. Ufaulu wa darasani una tuzo zake tayari.

Dhana: Mambo haya tumeiga kwa Wazungu.

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, haukuletwa na meli. Na ndani ya elimu yetu ya juu jambo hili lina historia ndefu: Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kijana atoke sekondari, afanye kazi kwanza, kisha aende chuo kikuu akiwa na sifa nzuri kutoka alikofanyia kazi. Baadaye masharti yale yalilegezwa. Funzo ninalolichukua ni kwamba utumishi ukigeuzwa kuwa mlango wa lazima, watu hujifunza kutafuta barua ya kupitia mlangoni. Ndiyo maana napendelea tuzo ya hiari, ambayo mtu anapendekezwa na wengine, na vigezo vinatangazwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo.

Jirani zetu wa Kigoma wana mfano mwingine. Mtandao wa vijana wa Roots & Shoots, ulioanzishwa na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, wengi hudhani ulizaliwa Gombe, kwenye hifadhi alikofanyia utafiti wake. Ulianza Dar es Salaam mwaka 1991, baada ya wanafunzi wa Kitanzania kumfuata na maswali kuhusu mazingira yao wenyewe.

Dhana: Tuzo ni za wanaoishi bwenini.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria ni mwanafunzi kamili. Muuguzi au mwalimu anayesoma huku akifanya kazi, na jioni anafundisha watu wazima kusoma mtaani kwake, anastahili kuangaliwa sawa na wa kutwa na wa bweni.

Dhana: Ukiwa na cheti hicho, ajira na mkopo vinakuja vyenyewe.

Hapana, na ni vibaya kuwadanganya vijana. Bodi ya Mikopo hupanga kwa uhitaji: uyatima, ulemavu, kaya maskini. Uongozi haumo. Serikalini unaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, unaambatanisha vyeti vya taaluma, kisha unakaa usaili, na tangu 2024 hata walimu wanapitia usaili. Cheti cha kujitolea hakichukui nafasi ya kimojawapo.

Kinachosaidia ni kile kilicho nyuma ya cheti. Matangazo ya kazi serikalini hutaka wadhamini watatu, na wahitimu wengi wanaandika wahadhiri ambao hata sura zao hawazikumbuki. Aliyefundisha hesabu kila wiki kwenye shule ya msingi Isevya au Ng'ambo ana mwalimu mkuu anayeweza kueleza jinsi anavyofanya kazi, anavyotunza muda na anavyoishi na watoto. Lakini barua hiyo aiombe mapema, ikiwa na tarehe, muhuri na maelezo ya alichofanya, na abaki na nakala. Walimu wakuu huhamishwa, na anayekuja baada yake atafungua faili asione jina lako.